Migori hadi Homa Bay kwa pikapu yenye fyuzi kaidi

MIGORI ni mji usiolala mapema. Barabara kuu itokayo Isebania, mpakani mwa Kenya na Tanzania, inaupasua katikati ikielekea Kisii na Kisumu, na juu yake hupita kila kitu chenye magurudumu: malori ya mahindi, mabasi ya Nairobi, matatu zilizojaa hadi mlangoni, na bodaboda zilizobeba magodoro mawili na abiria juu yake. Sokoni utasikia Kijaluo, Kikuria, na Kiswahili laini cha wenzetu wa upande wa Sirari, wote wakibishana bei ya gunia moja la muhogo.

Nilikuwa nimekwenda huko kujionea Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe zilizo kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji. Zinakisiwa kujengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hazina saruji wala udongo wa kushikiza. Jiwe limelazwa juu ya jiwe, na mahali pengine ukuta unapita kimo cha watu wawili. Nilirudi Migori kuchukua mkoba wangu nikiwa na nia ya kuteremka hadi Homa Bay kuliona ziwa.

Ijumaa hiyo matatu zilikuwa chache na abiria tele. Ndipo nilipoelekezwa kwa mzee mmoja mwenye pikapu ya Kijapani, kuukuu, ya miaka ya 1980, ambaye kazi yake ni kukodisha viti na mahema. Utingo wake, kijana wa miaka ishirini hivi, alimwita Jaduong', jina la heshima ambalo Wajaluo humpa mtu mzima, nami nikafuata mkondo huo huo.

"Tunapeleka vitu matangani, kabla hujafika mjini Homa Bay," Jaduong' aliniambia. "Kama hujali kubanana, panda."

Nyuma kulikuwa na viti vya plastiki mia mbili, mahema mawili, jenereta, na jerikani la lita 20 za petroli ya kuendeshea jenereta hiyo usiku kucha. Wafiwa hawakuwa na stima. Mwangaza wote wa kesha ulikuwa katika gari letu. Msomaji, likumbuke sana jerikani hilo.

Tuliondoka saa nane na nusu.

Mvua ya Awendo

Kutoka Migori hadi Rongo ni kama kilomita 30 na ushei. Unapita Uriri, kisha unaingia nchi ya miwa. Pande zote mbili za barabara ni kijani kitupu, na hewa inaanza kunukia molasi unapokaribia Awendo, makao ya kiwanda cha sukari kilichojengwa miaka ya 1970 ambacho wenyeji wamezoea kukiita Sony. Matrekta ya miwa ndiyo wafalme wa barabara hii. Hutambaa yakiburura trela mbili, miwa imening'inia pande zote, na aliyewahi kupita hapa usiku anajua kuwa trela nyingine humulikwa na taa za gari lako tu, tena ukiwa umeshalikaribia mno.

Tulipopita Uriri mawingu meusi yalikusanyika upande wa ziwa, kama ilivyo kawaida ya alasiri katika eneo hili. Mvua ikashuka kwa vishindo. Jaduong' akawasha taa.

Papo hapo dashibodi ikafa. Mshale wa mwendo haukuonekana tena. Lakini taa kubwa za mbele zilikuwa zikiwaka vizuri, zikimulika mvua.

"Imekatika tena," alisema kijana, kwa sauti ya mtu aliyeuchoka ugonjwa wa jirani.

Nilidhani ni jambo dogo. Kama njia inaonekana, dashibodi ina kazi gani? Jaduong' akasimama kando, akaniomba nishuke nikaangalie nyuma. Nilishuka mvuani. Nyuma hapakuwa na taa hata moja. Akakanyaga breki, zile za breki zikawaka. Akaiachilia, giza likarudi.

Hapo nikapata somo la kwanza. Katika magari mengi taa kubwa zina fyuzi yake, taa za breki zina yake, na taa ndogo za mbele, taa nyekundu za nyuma, taa ya nambari ya gari na zile za dashibodi huwa zimefungwa kwenye fyuzi moja. Fyuzi hiyo ikikatika, dereva anaiona barabara kama kawaida. Wasiomwona ni walio nyuma yake. Ishara pekee anayopata akiwa kitini ni dashibodi kuwa gizani.

Utingo alifungua kisanduku cha fyuzi chini ya usukani, akachomoa kipande cha plastiki cha rangi ya bluu na kukiinua. Kiwaya chembamba cha ndani kilikuwa kimeyeyuka katikati. Akaweka kingine cha bluu. Tulifika Awendo taa zikiwaka, na pale pale mjini gari likatumbukia shimoni. Dashibodi ikafa mara ya pili. Akaweka cha tatu, cha mwisho alichokuwa nacho. Hakikumaliza dakika tano.

Jaduong' alinieleza kuwa balaa hilo lilianza wiki tatu nyuma. Mafundi wawili walikuwa wameliangalia gari. Kila mmoja aliwasha taa, akasubiri, akaona hakuna kilichokatika, akapokea pesa zake na kusema gari ni zima.

Rangi zina maana

Tuliingia duka la vipuri. Mwenye duka alikuwa amebakiwa na fyuzi za kijani tu.

"Hii haitakatika kamwe," alisema akicheka. "Ina nguvu maradufu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa hatari yenyewe. Fyuzi hizi bapa zina rangi kwa sababu. Ya kahawia iliyopauka ni ampea 5, nyekundu ni 10, bluu ni 15, manjano ni 20, isiyo na rangi ni 25, na ya kijani ni 30. Tarakimu hiyo ni kiasi cha umeme ambacho waya wake unaweza kuvumilia bila kuchemka. Tena ukipiga hesabu utaona ajabu. Taa zote ndogo za pikapu, za mbele, za nyuma, ya nambari na vibalbu vya dashibodi, hazifiki wati 40. Kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea 3 na kitu. Fyuzi ya ampea 15 haiwezi kukatwa na mzigo huo hata iwe ya zamani vipi. Ikikatika, na nyingine ikakatika baada yake, basi kuna mahali waya umechubuka na shaba yake inagusa chuma cha gari. Umeme unapita njia ya mkato kurudi kwenye betri bila kupitia kwenye balbu. Fyuzi inakufa ili waya usiungue. Ukiweka ya ampea 30, umemwondoa mlinzi mwembamba ukaweka mlinzi mnene asiyeamka hata nyumba ikishika moto.

Jaduong' aliikataa. Lakini alipokwenda kando kupokea simu ya wafiwa, waliotaka kujua tumefika wapi kwa kuwa giza litawakuta bila mwangaza, kijana aliokota pakiti tupu ya sigara, akachana ile karatasi ya fedha ya ndani, akaizungushia fyuzi iliyokatika na kuirudisha mahali pake. Hakumwambia mtu. Dashibodi iliwaka, sote tukafurahi.

Tulikwenda kilomita moja, labda na nusu. Kisha likatumbukia shimo jingine, na mara nikasikia harufu ya mpira unaochomeka. Moshi mwembamba ulipanda kutoka magotini mwa Jaduong'. Alizima taa na injini kwa pamoja, akaruka nje. Utingo alikimbilia nyuma, akalinyakua jerikani la petroli na kukimbia nalo hadi ndani ya miwa. Tulisimama mvuani tukilitazama gari. Moshi ulitoka, ukapungua, ukaisha.

Jaduong' hakumpiga wala kumtukana. Aliichomoa ile karatasi, akamwekea kijana kiganjani ikiwa bado ya moto.

"Shika," alisema. "Hii ndiyo ulitaka nilale nayo na petroli chumba kimoja."

Fundi wa Rongo

Tulijikokota hadi Rongo taa zikiwa zimezimwa, mvua nayo ikiisha. Rongo ni njia panda. Hapo barabara ya Homa Bay inaachana na ile ya Kisii, na mahali penye njia panda hapakosi mafundi. Saa kumi na robo tulikuwa tumeegesha chini ya mwembe, katika uwanja wa jua kali uliojaa injini zilizofumuliwa. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliwahimiza watawala wa Kenya wasiwadharau mafundi wa namna hii, wafanyao kazi pasipo paa wala leseni. Hadi leo nusu ya magari ya nchi hii yasingetembea bila wao.

Kijana alitoa shauri la mwisho. "Jaduong', taa za mbele ziko sawa. Ni kilomita 30 tu. Twende hivi hivi, tutengeneze kesho."

Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akanigeukia mimi, si yeye.

"Mwanangu, hujaniuliza tunamzika nani. Ni kijana wa bodaboda. Aligonga trela la miwa lililosimama barabarani usiku bila taa. Sasa mimi niingie kwa mama yake na viti vya kumzikia mwanawe, gari langu likiwa halina taa nyuma?"

Hakuna aliyejibu.

Fundi wa umeme alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye kalamu sikioni. Hakugusa gari kwanza. Aliuliza maswali. Inakatika ukiwasha tu, au ukitumbukia shimoni? Ilianza lini? Kuna mtu aliyechomelea chuma kabla ya hapo? Na gari likiwa tupu, inakatika?

Jaduong' akafikiri. "Likiwa tupu, haijawahi."

Utingo alikuwa ameshaanza kuteremsha viti ili fundi apate nafasi. Fundi alimpigia kelele: "Omera, wacha! Huo mzigo ndio shahidi wangu. Shusha petroli tu, na uipeleke mbali."

Kwa hiyo ndiyo sababu wale mafundi wawili hawakuona kitu. Walilipima gari tupu.

Alichukua balbu ya taa ya breki ya wati 21 yenye nyaya mbili, akazichomeka mahali pa fyuzi. Balbu hiyo hula umeme usiofika ampea 2, kwa hiyo hata kama waya unagusa chuma hakuna kitakachoungua, na mtu anaweza kutafuta kutwa nzima bila kumaliza fyuzi za watu. Kama njia ni salama, balbu itawaka kwa unyonge, kwa kuwa inagawana umeme na taa za gari. Kama umeme unavuja kwenye chuma, itawaka kwa ukali wake wote.

Aliwasha taa za gari. Balbu iliwaka kama jicho la paka.

Kisha akaenda nyuma ya kibanda cha dereva, mahali nyaya za nyuma zinapoungana na za mbele, akaitenganisha plagi. Balbu ikafifia. Akaiunga, ikawaka kwa ukali. Akaitenganisha, ikafifia.

"Mbele hakuna ugonjwa," alisema. "Uko nyuma."

Kwa tendo moja alikuwa ameshalikata gari nusu na kuiacha nusu isiyohusika. Alilala chali, akaingia uvunguni na tochi, mkono mmoja ukifuata nyaya zilizolala juu ya chasisi. Aliufikia upande wa kulia, karibu na gurudumu la nyuma, akaomba mtaimbo. Aliupenyeza kati ya chasisi na bodi ya kubebea mizigo, akaminya. Juu, kule kitini, balbu ikafifia. Akalegeza, ikawaka kwa ukali. Akaminya tena, na watu waliokuwa wamekusanyika wakapiga makofi.

Nami niliinama kuangalia. Ule mpira unaoizuia bodi isiikalie chasisi ulikuwa umeliwa hadi ukabaki ukoko. Mtu fulani, katika ukarabati wa zamani, alizirudisha nyaya bila kuzifunga mahali pake, zikapita katikati ya chuma na chuma. Gari likiwa tupu bodi iliinuka kidogo, nyaya zikapumua. Ukipakia viti mia mbili na jenereta bodi iliketi juu yake, na kila shimo lilikuwa nyundo. Waya mmoja ulikuwa umechubuka kiasi cha urefu wa ukucha, shaba imegeuka kijani. Kutoka hapo hadi mahali lilipokuwa limeketi jerikani la petroli ni shubiri mbili.

Kazi ya kutengeneza ilikuwa fupi kuliko ya kutafuta. Alitoa kichwa cha betri kwanza. Akakata kipande kibovu, akaunga kipya, akalehemu kwa chuma alichokipasha kwenye jiko la makaa. Akazungushia tepu, na juu yake akavisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Nyaya zote akazihamisha upande wa ndani wa chasisi, akazifunga zisiweze kurudi walikozoea. Kutoka kwenye tairi kuukuu alichonga mpira mpya wa bodi. Chini ya usukani alibadilisha pia sehemu ya waya ambayo karatasi ya sigara ilikuwa imeuchemsha hadi ngozi yake ikalainika kama ugali wa maji. Ndipo akaweka fyuzi. Ya bluu.

"Shilingi mia saba," alisema.

"Kwa kawaya haka?" Jaduong' aliuliza.

"Mzee wangu, waya ni mia mbili. Mia tano ni kujua uko wapi."

Alilipwa mia saba.

Taa za nyuma

Tuliondoka Rongo saa kumi na mbili kasorobo. Ni barabara nzuri kwa macho. Inapanda na kushuka kati ya mashamba ya mahindi na maboma yaliyozungushiwa ua, ikipita vituo ambako akina mama huuza ndizi na samaki waliokaushwa. Rodi Kopany ni njia panda nyingine, ambapo barabara ya Ndhiwa na Karungu inachepuka kushoto. Huko ndiko kwenye bonde la Lambwe na mbuga ya Ruma, nyumbani kwa korongo, swala mkubwa ambaye porini humu nchini Kenya haonekani kwingine. Baada ya Rodi nchi inaanza kuinamia ziwa. Kilele cha Asego, chenye umbo la kichuguu, kilisimama mbele yetu kikiwa cheusi, na nyuma yake ghuba ya Winam ilikuwa na rangi ya bati jipya.

Jaduong' aliwasha taa. Dashibodi ikawaka. Tuliingia shimo la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna aliyesema neno, lakini kila mara niliona macho ya utingo yakienda kwenye ule mshale wa mwendo.

Tulifika kwa wafiwa giza likiwa linaingia. Vijana walishusha viti, hema zikasimama, jenereta ikanguruma na balbu zikawaka uani. Mama wa marehemu alitoka nje, akasimama kitambo akitazama mwangaza ule, kisha akarudi ndani kwa mwanawe. Utingo alishughulika kuliko wote. Jerikani la petroli aliliweka mbali na kila kitu, akaweka na mtu wa kulilinda.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli. Lakini kuna watu wenye haraka ambao hawauachi ufa wazi. Huubandika karatasi ya sigara ili usionekane. Nadhani hao ndio walio wengi, na si katika magari tu.

Asubuhi niliamkia mjini Homa Bay. Ufuoni omena walikuwa wameanikwa juu ya nyavu waking'aa kama misumari, na wachuuzi wa mbuta na ngege walikuwa wameshachangamka. Mji huu uliokuwa makao ya wilaya kubwa ya South Nyanza, Migori ikiwa ndani yake, tangu 2013 ni makao ya kaunti yake wenyewe, na umepanuka kuelekea mlimani. Nilikula ngege kwa ugali wa mtama, nikaona nimefika.

Jioni ya Jumamosi, maziko yakiwa yamekwisha, Jaduong' alinipitia mjini kuniaga. Njiani alikuwa amenunua fyuzi tano za bluu, amezipanga ndani ya kisanduku. Aliwasha injini, akawasha taa, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Mwanangu, hebu zunguka nyuma uniangalizie."

Nilizunguka. Mbili nyekundu, na moja ndogo nyeupe juu ya nambari.

"Zinawaka, Jaduong'."

"Zote?"

"Zote."

Akainua mkono, akaondoka. Nilibaki barabarani nikizitazama hadi zilipopotelea kwenye mpando wa Rodi.